Viti Sita na Mguu wa Bibi

Mguu wa Bibi upo. Naanza na hilo ili anayesoma huku ana mgonjwa wake ndani asisome kwa hofu. Umepungua kidole kimoja, una kovu refu upande wa chini, na ukikanyaga sakafu mlio wake si sawa na wa mwenzake. Lakini upo, na leo asubuhi umempeleka Bibi hadi kwa jirani kuomba moto na kumrudisha.

Naandika kwa sababu nesi wa zahanati yetu ameniambia wapo wengi wenye wazee wa sukari na vidonda, na hawajui waanzie wapi. Mimi niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, kwa hiyo ugonjwa wenyewe sitaueleza. Wapo wenye kazi hiyo. Nitaeleza tulivyoishi nao ndani ya nyumba, na jinsi Bibi alivyokaribia kunyang'anywa matibabu ya wazee kwa kosa tulilolifanya wenyewe, kwa adabu zetu.

Nimelelewa na Bibi tangu mama yangu aolewe Kilwa. Kijiji chetu kiko kisiwani, mbele kidogo ya Kiegeani, upande wa pwani. Babu, alipokuwa hai, aliniita mke wake mdogo, kama mababu wafanyavyo, na Bibi akawa ananiita mke mwenzangu. Babu alifariki nikiwa darasa la tano, lakini Bibi hakuacha. "Mke mwenzangu, chumvi umeiweka wapi?" "Mke mwenzangu, kwa usingizi huu mume wetu angekuacha." Ndani ya nyumba ile ni mara chache sana nimeitwa Zuhura. Nikiitwa Zuhura najua kuna jambo.

Tunalima mwani. Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kukauka sana, yakikauka tunashuka na kamba na vigingi, tunafunga, tunarudi kabla bahari haijajaa. Ilikuwa bamvua la katikati ya vuli. Tulirudi nyumbani mchana, Bibi akaingia ndani akakaa kwenye mkeka kukung'uta mchanga miguuni. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo. Nikaona kwamba kutoka mlangoni hadi pale alipokaa kulikuwa na madoa mekundu, moja moja, ya mguu mmoja tu.

Alikuwa amekanyaga ganda la chaza. Lilikuwa limezama chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, na ametembea nalo kutoka pwani hadi nyumbani.

"Wala haliumi," akasema, kama anayejisifu.

Kesho yake tulipomwendea nesi na maneno hayo hayo, yeye hakucheka. Alisema kutoumia huko ndiko kunakomtisha. Akampima sukari, akakitazama kipimo, akamtazama Bibi, akakitazama tena kipimo. Basi ndivyo tulivyoingia katika safari hii. Kama una mzee wa sukari, nakuomba jambo moja: mtazame miguu kila siku. Usimuulize kama anaumwa. Mtazame.

Bibi alikuwa na kitambulisho cha wazee, kile wanachopewa waliofikisha miaka sitini na wasio na uwezo, ili watibiwe bila kulipa. Alikihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kibweta, ndani ya kanga iliyofungwa fundo. Kila siku ya kwenda zahanati ilikuwa kwanza tufungue fundo. Kwa kitambulisho kile kidonda kilisafishwa siku moja baada ya nyingine, vidonge alipewa, na nesi hakumuuliza jambo jingine zaidi ya jina lake.

Benchi la zahanati nimelijua kuliko dawati langu la shule. Lina msumari upande wa kushoto, na wanaoujua hawakai hapo, wanamwachia mgeni. Wazee wa asubuhi walikuwa wale wale. Kuna aliyeleta muhogo wa kuchemsha akaugawa vipande, kuna aliyesinzia hadi akaitwa mara tatu. Mzee Haji, jirani yetu, aliyekuja kwa ajili ya presha, alikuwa akimtania Bibi kwamba siku hizi amekuwa bibi harusi, kila siku anafungwa vitambaa vyeupe. Bibi anamjibu kwamba hata kwa mguu mmoja hawezi kumkubali mwanamume wa presha. Nilikaa pembeni nikainamisha kichwa. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata "shikamoo" yangu, nesi aliniambia, huwa anaiona midomoni tu, haisikii.

Kaskazi ilipoanza kuvuma kidole kikageuka rangi. Asubuhi kilikuwa kijivu, baada ya siku chache kikawa cheusi kama tende. Nesi akatuandikia twende hospitali ya wilaya Kilindoni. Tulikwenda kwa bajaji, Bibi ameunyoosha mguu nje kidogo, amefunikwa na kanga yake nzuri, na watu njiani wanamsalimu na yeye anawapungia mkono kama anayekwenda matembezini.

Daktari alikuwa mpole. Alisema kidole lazima kiondolewe, na tukiacha kusafisha, weusi utapanda, na ukipanda hatakata kidole tena. Alionyesha kwa mkono wake palipo juu ya kifundo cha mguu. Sote wawili tulielewa.

Siku ya pili nikapewa kidole kwenye kifurushi kidogo cha bandeji. Kwetu kiungo hakitupwi, kinazikwa. Nikakileta nyumbani nimekipakata kwenye bajaji, na sikujua nilie au nifanye nini. Mzee Haji akachimba kishimo kando ya kaburi la Babu, tukakizika, akasoma. Bibi aliporudi na kuelezwa mahali, alisema, "Kimetangulia kumchungulia. Mume wetu atakitambua, alikikanyaga sana." Tukacheka hadi nikalia, na nilipolia yeye akanipangusa kwa ncha ya kanga yake.

Mjomba Shaweji ndiye mwanawe wa kiume. Yuko Dar es Salaam, anasukuma mkokoteni sokoni na ana watoto wanne. Alipopata habari alipiga simu akaniuliza nilikuwa wapi mama yake alipokanyaga. Nilikuwa hatua tano nyuma yake nikifunga kamba. Nilikwenda kisimani nikakaa huko mpaka ndoo za wengine zikaisha. Wiki mbili baadaye alituma viatu vya raba, vipana, vya kufunika vidole, pamoja na salamu kwangu peke yangu, ndefu, alizomtamkia aliyevileta neno kwa neno. Niliziona ni za kuniomba radhi. Bibi alivijaribu viatu, akageuza mguu wa kulia huku na huku.

"Hiki kina chumba cha kupangisha," akasema.

Ramadhani ilikuwa ngumu kuliko kukatwa. Nesi alimkataza kufunga, na imamu akamwambia dini imempa ruhusa, alishe maskini kwa kila siku anayokula. Bibi hakuwahi kula mchana wa Ramadhani tangu utoto. Vidonge vilitaka chakula, basi alikula nyuma ya jiko ameegemea ukuta, kanga imemfunika kichwa, na mimi nasimama mlangoni kama mlinzi. Na kila jioni alipika uji na futari, akanituma sahani moja kwa Mzee Haji. Mzee Haji anaishi peke yake. Lakini Bibi alinionya nisije nikamwambia ni fidia. Niseme amepika kikazidi. Mwezi mzima chakula chetu kilizidi, na sisi wenyewe siku nyingine tulikunywa uji tu.

Nayasimulia haya ili mjue Bibi alivyo. Katika akili yake maskini ni mtu mwingine daima.

Baada ya Idi, masika ilipokolea, tukatangaziwa kwamba orodha ya wazee wa matibabu inapitiwa upya. Msaada haukuwatosha wote, ilisemwa, kwa hiyo utabaki kwa wasio na mtu wala kitu. Watakuja watu wawili na kishikwambi, wapite nyumba kwa nyumba, waulize, waingize majibu. Vitambulisho vya zamani vitakoma mwisho wa mwezi, na asiyekuwa kwenye orodha mpya atalipa kama kijana.

Sasa mtu wa mbali angedhani kijiji kilikaa kikapanga namna ya kueleza shida zake. Sisi tulikaa tukapanga wageni watakalia nini.

Kikundi cha akina mama wa mwani kina viti sita vya plastiki, vya buluu. Ndivyo viti vya maana tulivyonavyo. Mmoja wa wazee aliviomba, mwingine akaviomba, ikaonekana afadhali vizunguke. Kazi ya kuvizungusha nikapewa mimi na wasichana wawili wa kikundi, kwa kuwa tulikuwa na miguu. Wageni wakiwa nyumba hii wanakunywa chai, sisi tunakuja kwa nyuma. Wakiondoka wanasindikizwa kwa njia ndefu ya mbele, waonyeshwe msikiti, na sisi tunakata kwa shambani katikati ya minazi tumejitwika viti vichwani, mvua inapiga juu ya plastiki, tuvifikishe kabla yao. Chupa ya chai yenye maua ilikwenda nasi. Ilikuwa ya mwalimu wa madrasa. Kiti kimoja kilikuwa na ufa kwenye kikalio, kimeshonwa kwa mshipi wa kuvulia. Mtu akiegemea, ule ufa hufunguka na kufunga, humbana paja.

Nilikuwa nacheka tukikimbia. Nataka niliseme hilo. Siku ile niliiona kama mchezo mzuri.

Mgeni mkubwa alikuwa kijana mwenye miwani, mtaratibu, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipofika kwetu akakalia kile kiti cha ufa. Nikamwona ameruka kidogo, akajikaza. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya na viatu vya Mjomba Shaweji, mguu ameurudisha nyuma ya mwingine.

Akamuuliza ana shida gani.

"Alhamdulillah, mwanangu. Sina shida."

Ana watoto? Anao, mmoja yuko Dar es Salaam, anamwangalia sana, hata viatu hivi ni vyake. Anakula mara ngapi? Wanakula, wanashukuru. Na mguu? Kidogo tu, ganda la chaza. Yule kijana akauliza kama kuna watu wanaomsaidia kwa chakula. Bibi akacheka.

"Mimi ndiye ninayewalisha watu. Ramadhani nzima nimelisha maskini."

Yote yakaingizwa. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya mandazi. Nilisikia kila neno, na sikuona kosa, kwa sababu hivyo ndivyo mgeni anavyojibiwa. Nani humpokea mgeni kwa kumwonyesha kidonda?

Orodha ikabandikwa ukutani, ofisi ya kijiji. Wazee wengi hawasomi, wakaniomba mimi niwasomee. Nikaweka kidole kwenye karatasi nikasoma jina moja moja, na kila nilipomaliza jina waliokuwa nyuma yangu walingoja linalofuata. Majina yakaisha upesi. Bibi hakuwemo. Mzee Haji hakuwemo. Aliyekuwemo ni Bi Tatu, mwenye minazi kuliko sisi sote, ambaye tangu nimjue hajawahi kuulizwa hali akasema nzuri. Mvua, mgongo, wakwe, kuku, vyote vinamtesa. Tulizoea kumcheka. Yeye hakuazima viti. Aliwakalisha wageni juu ya kinu na gunia akawalilia.

Nilimpa Bibi habari nikiwa nimejiandaa kwa kilio. Akasema alhamdulillah, pengine wapo wenye shida zaidi. Kesho yake ilikuwa siku ya zahanati. Fundo la kanga halikufunguliwa. Akasema mguu umeshapona.

Haukuwa umepona. Mwisho wa mwezi ukapita, naye anajifunga mwenyewe, kwa vitambaa vilevile, anavifua kwa maji ya chumvi na kuvianika nyuma ya jiko. Nikaanza kusikia harufu. Mtu anayemuuguza mwenziwe anaijua harufu ile na hahitaji kuelezwa. Siku ya tano nesi akaja mwenyewe kwa miguu, akafungua, akasafisha kwa dawa alizozileta kwenye mkoba. Nilipomsindikiza akaniambia pembeni kwamba leo amefanya, lakini hana ruhusa ya kufanya kila siku kwa asiye kwenye orodha, na weusi umeanza tena pembeni mwa kovu. Kuna mkutano wa kijiji Jumamosi, wa kuthibitisha orodha. Mwenye pingamizi atasimama aseme. Baada ya hapo inafungwa.

Nikamwambia Bibi nitamwegemeza twende aseme.

"Niseme nini?"

"Kwamba hatuna uwezo."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Nimezaa, nimezika, nimefunga mwani mpaka kucha zimeisha. Sijasimama mbele ya watu nikasema mimi maskini. Na wewe usinivue nguo. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Jumamosi niliamka nikamsafisha mguu. Mahali pa weusi palikuwa pameongezeka kwa upana wa punje ya harage. Nilipatazama, nikakumbuka mkono wa daktari ulivyoonyesha juu ya kifundo. Kisha nikaenda mkutanoni mapema, kwa kuwa viti vya wageni hupangwa na sisi wa kikundi. Nilivipanga sita mbele ya meza. Kile cha ufa nikakiweka katikati, mahali pa yule kijana wa miwani.

Watu wakajaa. Mwenyekiti akafungua kwa dua. Kijana akasoma orodha, na kwa waliotoka akasoma na sababu. Bi Mwanakombo, ndiye Bibi yangu, ana mtoto mjini, ana samani, analisha maskini. Mzee Haji, ana samani, amechinja kuku. Fulani ana samani. Fulani ana samani na chupa ya chai. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi.

Mzee Haji akasimama. Moyo wangu ukatulia, nikajua ameniokoa. Akaomba radhi kwa kuwachosha wageni, akawashukuru kwa kuja na mvua, akawatakia safari njema, akakaa.

Ndipo nikaona kwamba hakuna atakayesema. Walikuwa wamekaa pale, mguu wa huyu umevimba, jicho la yule limeingia ukungu, na wote wana heshima zao.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kwamba kanga iliniteleza begani na sikuiokota.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akasema yule kijana. "Sema, dada."

"Egemea kiti."

Watu wakageuka. Yeye akanitazama, akaegemea, na kiti kikambana. Akashtuka.

"Ndicho ulichokalia kwa Bibi yangu," nikasema. "Na kwa Mzee Haji. Na kote. Viti ni hivi sita tu, vya kikundi. Nilivibeba mimi. Nilipita navyo nyuma mkipita mbele."

Akapeleka mkono chini ya paja, akaupapasa ule mshono wa mshipi. Akasema alidhani viti vya kisiwa kizima vimenunuliwa duka moja bovu. Mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na mkutano wote ukafuata, hata mwenyekiti.

"Na chupa yenye maua?" akaniuliza, naye anacheka.

"Ya mwalimu wa madrasa."

"Na kuku?"

"Kuku alikuwa wa Mzee Haji mwenyewe," nikasema. "Alikuwa naye huyo mmoja."

Kicheko kikafa. Mzee Haji alikuwa anatazama mikono yake. Yule kijana akaweka kishikwambi chini, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa mwenyekiti, si kwa sauti kubwa, kwamba orodha haifungwi. Watarudi kupita upya. Siku haitatangazwa, na watakaa wanakokaa wenye nyumba. Mpaka hapo vitambulisho vya zamani vitumike.

Nikiwa narudi, Mzee Haji alinifuata. Nilidhani atanigombeza kwa habari ya kuku. Tukatembea kidogo, akaniuliza taratibu: "Yule maskini aliyekuwa akilishwa Ramadhani, ni nani?"

Nikasema sijui.

Akatikisa kichwa. "Alibahatika. Mapishi ya bibi yako ni mazuri."

Habari ilinitangulia nyumbani. Bibi alikuwa kitandani ameelekea ukutani. Nikamwambia vitambulisho vimerudi, kesho ni zahanati. Akasema, "Sawa, Zuhura."

Siku tatu nilikuwa Zuhura. Zuhura, maji. Zuhura, funga mlango. Zahanati alikwenda, kwa kuwa nesi alituma bajaji, na njiani hakumpungia mtu mkono. Benchini alikaa upande wa msumari. Akimaliza kufungwa aliinuka kabla sijamshika. Nilikuwa nimemvua nguo, ni kweli, na sikujua namna ya kumvisha. Usiniulize kama nilijuta. Nilijuta kila aliponiita jina langu, na kila nesi alipofungua bandeji nikapatazama pale pembeni mwa kovu, sikujuta.

Siku ya nne, kusi imeanza kupuliza baridi, tulikuwa uani. Bibi kakaa kwenye mkeka, mguu juu ya mto, mimi nasuka kamba za mwani. Tukasikia hodi. Ni yule kijana wa miwani, peke yake, viatu mkononi. Bibi akatazama huku na huku, nikajua anatafuta viti. Halafu akavuta miguu yake, akaachia nafasi kwenye mkeka, na kijana akakaa pale, magoti yake yakigusana na ya Bibi. Chai haikuwepo. Nikaleta maji.

Akawasha kishikwambi chake.

"Bi Mwanakombo, hali yako?"

"Alhamdulillah."

Kijana akangoja. Nami nikangoja, kamba imeniganda mkononi. Bibi akachukua ncha ya kanga iliyofunika mguu, akaishika, akaiachia, akaishika tena. Kisha akaifunua yote, na bandeji akaanza kuifungua mwenyewe, duara kwa duara, mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa na vidole kumi. Kimoja kimeshatangulia kaburini, kiko na mume wangu. Hivi tisa vilivyobaki nataka niende navyo pamoja, kwa siku yangu. Peke yangu siwezi. Na huyu mtoto hawezi."

Kijana hakuandika upesi. Alikitazama kidonda kama inavyopasa kutazamwa, kwa karibu, bila kuziba pua. Ndipo akainama akaandika, na nikasoma kwa pembeni, neno moja baada ya jingine, mpaka nikaliona jina la Bibi likiingia kwenye orodha.

Alipoondoka sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikapiga magoti nifunge mguu upya. Bandeji ilikuwa imeanguka mchangani, ikabidi nikatafute nyingine safi. Nilipokuwa ndani napekua kibweta nikamsikia anaita kutoka uani, kwa sauti yake ya zamani, ya kusumbua.

"Mke mwenzangu! Umelala huko? Mguu wangu unapata baridi."